Namna ya kuwapata blugili na krapi chini ya barafu kwenye ziwa dogo lenye maji maangavu

Kila barafu ikishika, maswali yanayokuja ni yale yale. Nimetoboa tundu nimekaa toka asubuhi sijaguswa, nibadili chambo? Ninunue ile mashine ya kuonea samaki? Hivi hili ziwa lina samaki kweli? Wengi wanaouliza ni watu wetu wa Minnesota, wengine wako Wisconsin na Maine, na unakuta mtu kakulia Mwanza au Kigoma au Uvira, kuvua anajua vizuri tu, ila hajawahi kuvua mahali ambapo inabidi kwanza utembee juu ya maji. Basi naweka yote hapa nisiwe narudia.

Jibu fupi: chambo sio tatizo. Mara nyingi umekaa juu ya maji matupu. Na kwenye ziwa dogo lenye maji maangavu kuna la pili, samaki alikuwepo ila kakuona na kakusikia kabla we hujajua kama yupo. Kwahiyo huu mwongozo kazi yake kubwa ni KUTAFUTA, kuvua kwenyewe kunakuja baadae na ndo sehemu rahisi.

Samaki ninaowaongelea ni blugili na ndugu zake wa ukoo wa sanfishi, krapi, na perchi wa njano. Blugili ni bapa kama perege ila mdomo wake mdogo sana, ndoana uliyozoea kuvulia sato haimuingii. Krapi ana mdomo mpana na macho yamekaa juu juu, anapenda kula kitu kilicho juu yake. Perchi ana milia na anashinda karibu na chini kabisa. Mifano yangu ni ya Minnesota kwa sababu ndo ninapovua, we uko kwingine soma sheria za jimbo lako maana zinatofautiana sana.

Nadharia kidogo, afu tuendelee

Baridi ikiingia ziwa linageuka. Maji yanayogusa barafu yako kwenye nyuzi sifuri, ya chini kabisa ndo yana joto kidogo, mpaka nyuzi 4 za Selsiasi hivi, kwa sababu maji ya nyuzi 4 ndo mazito kuliko yote na yanazama. Barafu ikishafunga, hewa haiingii tena kutoka juu, oksijeni inayoongezeka ni ile inayotolewa na majani mabichi yanayopata mwanga kupitia barafu. Theluji ikilala nene mwanga unakatika, majani yanakufa yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyobaki. Ndo maana samaki wa Desemba na samaki wa Februari hawakai sehemu moja.

Sasa kwenye maji maangavu mwanga unafika mbali, kwahiyo majani yanaota mpaka futi 15, kuna maziwa yanafika hata 20, wakati kwenye maji ya tope yanaishia futi 6 au 7. Hilo likumbuke, maana mtu akikuambia "vua futi 8" na yeye anavua ziwa la tope, ushauri wake kwako hauna kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Leseni. Minnesota kuanzia miaka 16 unaihitaji. Ukishaishi hapo siku 60 mfululizo unanunua ya mkaazi, ni nafuu kuliko ya mgeni. Angalia tarehe, ya mwaka mzima kawaida inaishia mwisho wa Februari wakati barafu bado ipo.
- Mtaimbo. Ndio, mtaimbo, wa kupigia barafu mbele yako unapotembea. Huu sio wa hiari.
- Oga, yani ile keke kubwa ya kutobolea barafu. Ya mkono ya inchi 6 inatosha kabisa kwa samaki wa saizi hii na kwenye ziwa dogo, haina kelele, haina petroli. Inchi 8 kwa mkono utajuta.
- Pini za kujiokolea, zile mbili zenye kamba za kuvaa shingoni. Na vesti ya kuelea, uivae, usiiweke kwenye sledi ya kuburutia mizigo.
- Njumu za barafu za kuvalisha juu ya buti.
- Fimbo fupi nyepesi, inchi 24 mpaka 28, ncha laini. Mshipi wa nguvu ya ratili 2 au 3, sio zaidi.
- Jigi ndogo za tangsteni, yani ndoana zenye kichwa kizito cha chuma, milimita 3 na 4. Tangsteni ni nzito kuliko risasi kwahiyo kijigi kidogo kinazama haraka na mshipi unanyooka.
- Chambo: funza wa nondo wa nta, dukani wanawaita waksi, au wale funza wadogo wa nzi wanaitwa spaiki. Waweke mfuko wa ndani wa koti, wakiganda wanakuwa weusi na kazi imeisha.
- Upawa wenye matundu wa kutolea vipande vya barafu kwenye tundu.
- Kibanio kirefu cha kutolea ndoana, ndoo ya kukalia, taa ya kichwani, na simu iwe karibu na mwili kwa sababu baridi inamaliza betri.
- Flasha, yani sona inayoonyesha kilichopo chini muda huo huo, au kamera ya chini ya maji. Sio lazima siku ya kwanza. Ila ukiniuliza pesa yako ya kwanza ya ziada iende wapi, iende hapo, sio kwenye hema wala fimbo ya tatu.

Nguo sitaongea sana, mshaishi huku mnajua. Pamba usivae kugusa mwili, ikiloa inakupoza. Chai ya tangawizi kwenye themosi.

Hatua

1. Chagua ziwa ukiwa kwenye kochi

Idara ya Maliasili ya Minnesota (DNR) ina LakeFinder, ni bure. Andika jina la ziwa utapata ramani ya kina, matokeo ya tafiti za samaki, na kwa maziwa mengi utaona pia maji yanaonyesha mpaka futi ngapi. Unatafuta ziwa dogo lenye mambo matatu: lina kilindi cha angalau futi 15 hadi 20 sehemu moja, tafiti zinaonyesha blugili wa inchi 7 kwenda juu na sio wale wadogo tu, na kuna njia halali ya kuingilia. Ziwa dogo lisilo na kina mara nyingi samaki wanakufa majira ya baridi kwa kukosa oksijeni, ndo ile mizoga mnayoiona mwezi wa nne ufukweni.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya maziwa madogo wameweka mashine za kupuliza hewa ili samaki wasife. Samaki wapo, sawa, ila pale mashine ilipo maji hayagandi na barafu ya kuzunguka ni nyembamba. Kuna vibao vya tahadhari, viheshimu, usikatize karibu eti ndo shortkati.

Kwenye ramani weka alama sehemu nne tu: majani yanapoishia upande wa kilindi, ghuba ndogo yenye majani, mteremko mkali unaoshuka kwenda kilindini, na kilindi chenyewe. Ziwa dogo uzuri wake ndo huu, hizi zote zinaweza kuwa ndani ya mwendo wa dakika tano kwa mguu.

2. Hakikisha barafu, kila safari

Inchi 4 za barafu mpya safi, ngumu, inayoonyesha ndani, ndo chini kabisa kwa mtu anayetembea kwa mguu. Chini ya hapo usikanyage. Barafu nyeupe yenye mapovu au iliyotokana na theluji iliyoloa ina nusu ya nguvu, kwahiyo unazidisha mara mbili. Gari siongelei hapa, ziwa dogo huhitaji gari.

Tembea ukipiga mtaimbo mbele yako. Ukipenya kwa pigo moja au mawili ya nguvu, simama, rudi kwa nyayo zako zile zile ulizojia. Toboa upime tena kila futi 150 hivi, kwa sababu barafu ya ziwa moja haifanani: kwenye chemchemi, mdomo wa kijito, kwenye kalvati, kwenye nguzo za gati na pale mabata walipokuwa wanaogelea wiki iliyopita huwa ni nyembamba. Usiende peke yako mwanzoni mwa msimu, na mwambie mtu uko ziwa gani.

Ukitumbukia: dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, usihangaike, kule kuhema kwa nguvu kutapita. Una kama dakika 10 za mikono kufanya kazi. Geukia ulikotoka maana ndo barafu iliyokubeba, chomeka pini, piga miguu mpaka ulale bapa, ukitoka USISIMAME, bingirika. Na kupoteza fahamu kwa baridi kunachukua kama saa 1, kwahiyo una muda kuliko unavyodhani ila mikono ndo haina muda.

Kuna wanaoniambia hii hatua nimeirefusha. Acha iwe ndefu.

3. Jua msimu umefika wapi

Hii ndo inakuambia utoboe wapi, na ndo wengi wanairuka.

Barafu ya kwanza, Desemba hivi: majani bado mabichi, blugili wako humo ndani. Tafuta majani ya KIJANI. Kwenye maji maangavu usikimbilie ya futi 4, nenda yale yanayoishia futi 8 mpaka 15, hasa kwenye vile vijitobo na vichochoro katikati ya majani. Yakipanda na oga au ndoana, yaangalie: kijani na magumu ni mazuri, kahawia na yanateleza hamna kitu hapo hama.

Katikati ya baridi, Januari na Februari theluji ikiwa nene: majani mengi yamelala, samaki wanasogea ukingo wa kilindi na kilindini kwenyewe. Wanakula vijidudu vinavyoelea majini na viluwiluwi vya wadudu vilivyozama kwenye tope laini. Tafuta pale chini pagumu panapogeuka kuwa tope, mara nyingi ni mwisho wa mteremko. Krapi wanaelea katikati ya maji juu ya kilindi, wanaweza kuwa futi 12 kwenye maji ya futi 28, kwahiyo aliyeshusha jigi mpaka chini anavua chini yao siku nzima.

Barafu ya mwisho, Machi: theluji inayeyuka, mwanga unarudi, maji yenye oksijeni yanaingia kupitia matundu na kingoni, samaki wanarudi kwenye ghuba za majani. Uvuvi mtamu kuliko wote ila barafu ndo mbaya kuliko zote, imekaa muda mrefu imeoza, inchi 10 za Machi sio inchi 10 za Januari.

4. Toboa matundu yote kwanza, KABLA hujashusha mshipi

Hapa ndo tofauti ya anayepata na asiyepata. Anza ndani ya majani, toboa kwa mstari kuelekea kilindi. Kwenye majani matundu yakaribiane, futi 8 au 10, kwa sababu blugili anaweza kuwa kwenye kichochoro kimoja na futi 10 pembeni hamna hata mmoja. Ukitoka nje ya majani achanisha, hatua 15 au 20. Kilindini hatua 30. Kumi au kumi na mbili yanatosha kuanzia, kwa oga ya mkono na barafu ya inchi 8 ni mazoezi, utavua koti, usitoe jasho jingi lakini maana baadae litakugandisha.

Kwa nini yote kwanza? Kwa sababu kutoboa ni kelele, na kwenye maji maangavu ya kina kifupi samaki anakimbia. Ukishatoboa yote unarudi kwenye la kwanza, ambalo lishakaa dakika 20 limetulia. Mtu anayetoboa moja anavua dakika kumi, anatoboa jingine pembeni anavua, yani kila akishusha mshipi anashusha kwa samaki walioshtuliwa sasa hivi.

Kama barafu ni mpya na haina mapovu wala theluji, mwaga maji kidogo juu yake, weka kihisi cha flasha kwenye hayo maji, itasoma kina kupitia barafu bila kutoboa. Inaokoa mgongo.

5. Jifiche

Hili ni la maji maangavu peke yake, anayevua ziwa la tope atakucheka, mwache.

Theluji iliyoko juu ya barafu usiifagie. Ni pazia lako. Mtu anakuja na koleo anasafisha mduara mzuri wa kukaa, kashafungua dirisha juu ya samaki. Ukishatoboa toa vipande vikubwa tu kwa upawa, ule uji wa barafu bakiza kidogo mwanga usishuke moja kwa moja, tengeneza kitobo katikati cha kupitishia jigi. Kama barafu iko uchi kabisa, hamna theluji, burura theluji ya kingoni umwage kuzunguka tundu.

Tembea taratibu, usiburuze ndoo, usigongeshe mtaimbo. Njumu kwenye barafu tupu zinalia, kwahiyo ukifika kwenye tundu simama hapo hapo. Watoto mkienda nao (na waende, Januari kuna wikendi ya Take-a-Kid ambapo mzazi mkaazi akiwa na mtoto wa miaka 15 au chini anavua bila leseni) wawekeeni eneo lao la kukimbia mbali na mstari wenu.

Ukiwa na hema dogo, zima taa, funga madirisha, angalia chini kwenye tundu. Kwenye maji ya futi 6 au 8 utaona mpaka chini, utamuona blugili anakuja, anasimama sentimita mbili toka kwenye jigi, anaitazama, anaondoka. Utajifunza zaidi kwa saa moja hapo kuliko kwa mwongozo wangu wote. Bila hema lala kifudifudi ufunike kichwa na koti. Hita ya gesi ndani ya hema uache upenyo wa hewa juu na chini, kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu.

6. Kagua kila tundu, usikae

Ukiwa na flasha: chini panaonyesha mstari mnene, jigi yako ni kamstari kembamba, samaki ni mstari wa tatu unaotokea katikati yao na unasogea. Kwenye zile za rangi tatu, kijani ni mwangwi dhaifu, nyekundu ni mwangwi mkali, kwahiyo samaki akisogea chini yako kabisa rangi inapanda. Majani nayo yanaonyesha, ila majani hayasogei. Shusha, angalia dakika moja au mbili, hamna kitu, twende lingine.

Kamera kwenye maji maangavu ni raha kwa sababu inaona mbali. Izungushe polepole, angalia majani yana rangi gani na samaki wamekaa upande gani.

Huna mashine? Pima kina kwa chubwi yenye klipu, funga kwenye ndoana ishushe mpaka mshipi ulegee. Afu vua kila tundu dakika tano: chini kwanza, panda futi moja moja mpaka nusu ya maji. Dakika tano zikiisha ondoka. Najua inauma kuacha tundu ulilolitolea jasho.

7. Shusha juu ya samaki, usimpite

Jigi ikae juu yake futi moja hivi. Blugili na krapi wanapanda kufuata chakula, kushuka hawapendi, na jigi inayompita usoni inamshtua. Chomeka waksi mmoja tu, spaiki wawili. Tikisa ncha ya fimbo taratibu sana, milimita chache, afu simamisha. Akisogea anza kupandisha polepole, inchi kwa inchi. Anayefuata kwenda juu anakula. Asiyefuata ni mtazamaji.

Kuguswa kwenyewe usitegemee kule kuvutwa kama kwa sangara. Blugili ananyonya anatema, ncha inainama kidogo au mshipi unalegea ghafla, kama krapi kapanda nayo. Mshipi ukifanya chochote ambacho wewe hukukifanya, inua. Inua, usivute kwa nguvu, mshipi wa ratili 2 hausamehe.

Boya kubwa la plastiki acha nyumbani. Blugili akihisi uzito wa boya keshatema. Ncha laini au kile kispringi cha kuweka mwisho wa fimbo kinatosha.

8. Fuata saa

Kwenye maji maangavu jua likiwa kali mchana blugili wanajificha ndani ya majani au wanashuka. Asubuhi mapema na saa ya mwisho kabla ya giza ndo wakati. Krapi hasa, jua likizama wanapanda na kusogea toka kilindini, mnaweza kukaa kimya masaa mawili afu dakika 40 za mwisho zikawa fujo. Wengi wanafunga mizigo saa kumi jioni, wakati ndo kwanza kunaanza. Kaa, taa ya kichwani si unayo. Kama siku ina mawingu mazito, mchana nao unaweza kuwa mzuri.

Ukikwama

*Nawaona kwenye flasha, wanakuja, wanasimama, wanaondoka.* Cha kwanza angalia kama jigi inazunguka. Mshipi uliojisokota unaizungusha jigi kama pia, na kwenye maji maangavu samaki anakataa kabisa. Iache ining'inie ndani ya maji kwenye tundu uitazame. Dawa ni kuisubiri itulie kabla ya kuitikisa, au kununua rili ya gurudumu ambayo mshipi unatoka ulivyonyooka. Cha pili, fundo: jigi inatakiwa ikae mlalo, kila baada ya samaki wawili watatu lisogeze fundo lirudi katikati ya kishikizo. Cha tatu ndo saizi, shuka milimita 3, mshipi wa flurokaboni wa ratili 2. Rangi badilisha mwisho, watu wanaanza na rangi sijui kwa nini.

*Napata wadogo tu wa kiganja cha mtoto.* Hama, wakubwa mara nyingi wako pembeni ya kundi au chini yake, au kwenye majani ya kina zaidi. Jaribu futi 3 mpaka 5 zaidi za kina. Kama ziwa zima ndo hivo basi ni ziwa la blugili waliodumaa, rudi kwenye LakeFinder.

*Walikuwa wanakula wakaacha ghafla.* Ama wamehama, kagua matundu mawili ya jirani, ama kuna samaki mkubwa mla samaki kaingia, kama paiki au yule anayeitwa "bass". Ukiona mstari mnene kwenye flasha na wadogo wamepotea, subiri dakika kumi.

*Mshipi unaganda kwenye vipete vya fimbo.* Vivunjie barafu kwa vidole, usivute. Chovya ncha kwenye maji, inayeyusha.

*Tundu la kwanza lilikuwa na samaki, nimerudi hamna.* Kawaida. Fuata mstari wako kuelekea kilindi, sio kurudi ufukweni, isipokuwa Machi.

*Nimezunguka yote hamna hata mstari mmoja.* Kama ni katikati ya baridi inawezekana chini ya kilindi oksijeni imeisha, kwahiyo acha kuangalia futi mbili za mwisho, tazama katikati ya maji. Bado hamna? Ziwa lingine. Minnesota ina maziwa 11,842 ya ekari 10 au zaidi, usifunge ndoa na moja.

Ukishawapata

Kikomo cha jimbo zima kwa Minnesota ni sanfishi 20 kwa siku, krapi 10, perchi wa njano 20, LAKINI maziwa mengi sasa hivi yana kikomo chake cha sanfishi 5 au 10, na vibao viko mahali pa kuingilia. Mishipi ni 2 kwa mtu wakati wa barafu, Wisconsin ni 3. Chukua wa inchi 7 mpaka 8, wale madume makubwa ya inchi 9 na zaidi yarudishe. Dume kubwa ndo linalinda kiota, na yakivuliwa yote madume madogo yanaanza kuzaa mapema badala ya kukua, miaka michache ziwa lote linakuwa la samaki wa kidole. Ziwa dogo linaharibika haraka, kundi moja la watu na wikendi mbili tu.

Krapi wa kilindini ni kinyume: ukiwatoa zaidi ya futi 30 kibofu cha hewa kinafumuka, ukimrudisha anaelea anakufa. Hao chukua mpaka ufikishe kikomo chako halafu acha kuvua hapo, usichague chague.

Baadhi ya maziwa ya Twin Cities (Minneapolis na St. Paul) yana tahadhari ya kemikali za PFOS kwenye samaki, ziwa Elmo ni mojawapo, kwahiyo kabla ya kuwalisha watoto na mama mjamzito soma mwongozo wa Idara ya Afya ya Minnesota kwa jina la ziwa lako. Kiwango cha zebaki kwa samaki wadogo hawa huwa chini kuliko cha samaki wakubwa wala samaki kama paiki na wolai.

Kuwaandaa: wenyeji wanatoa minofu, sawa, ila kwa blugili unatupa nyama nyingi. Mpare magamba, toa matumbo na kichwa, mkate mikato mitatu kila ubavu, chumvi ndimu na pilipili, mafuta yawe ya moto kweli. Angalia mapezi ya mgongoni yana miiba, kata kwa mkasi kabla hujaanza kupara. Na matumbo yapeleke kwenye taka nyumbani, usiyaache juu ya barafu.